Nguvu, Madaraka au Umeme? Neno Moja la Kiingereza Linapoingia Katika Kireno

Katika lugha ya Kiingereza liko neno moja fupi, lenye herufi tano tu, ambalo halikubali kukaa mahali pamoja. Neno hilo ni “power”. Fundi wa umeme hulitumia anapozungumzia mashine zake. Mwanasiasa hulitamka akiwa jukwaani. Mwalimu wa hisabati huliandika ubaoni, mwanasheria huliweka juu ya hati, na mhubiri hamalizi mahubiri yake bila kulitaja. Wote hao wanatumia neno lilelile, na Mwingereza anayewasikiliza haoni ajabu yoyote, kwa sababu amelizoea tangu utotoni.

Ajabu huanza pale neno hilo linapotakiwa kuvuka mpaka na kuingia katika lugha nyingine. Ndugu msomaji, leo tulifuate linapoingia katika Kireno. Tutaona jinsi linavyovuliwa vazi lake moja na kuvikwa mavazi mengi, na jinsi mfasiri asiye mwangalifu anavyoweza kumvika fundi joho la hakimu.

KIRENO NI LUGHA YA JIRANI

Pengine mtu atauliza: Kireno kinatuhusu nini? Kinatuhusu sana. Ukivuka Mto Ruvuma, kwa Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 au kwa mtumbwi, unaingia Msumbiji, nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kireno. Ndiyo lugha rasmi pia ya Angola, Guinea-Bissau, Cape Verde na São Tomé na Príncipe, na ng’ambo ya bahari ya Atlantiki inazungumzwa na watu zaidi ya milioni 200 wa Brazil. Katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, Kireno ni lugha ya kazi pamoja na Kiingereza na Kifaransa, na mwaka 2019 Kiswahili kiliongezwa kuwa lugha ya nne. Wafasiri wa Kireno na wafasiri wa Kiswahili, kwa hiyo, wamekuwa wafanyakazi wa meza moja. Na hata neno hilo “meza” tulilipata kwa Wareno, kama tulivyopata “bendera” na “leso”.

Tena iko historia iliyo karibu nasi zaidi. Chama cha FRELIMO kiliundwa hapa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliyeuawa kwa bomu katika jiji hilihili tarehe 3 Februari 1969, aliandika kwa Kiingereza kitabu juu ya mapambano ya nchi yake, kikachapishwa mwaka uleule wa kifo chake. Ikawa basi kwamba kitabu cha Mmsumbiji juu ya Msumbiji hakina budi kutafsiriwa ili kisomwe katika lugha rasmi ya nchi yenyewe. Jina lake la Kiingereza, “The Struggle for Mozambique”, lilianza na nomino, yaani mapambano. Kwa Kireno kikaitwa “Lutar por Moçambique”, ambalo ni tendo: kupigania Msumbiji. Hapo mfasiri hakubadili neno kwa neno, bali alitafuta jinsi Mreno mwenyewe angelisema jambo hilo.

PALE NENO LINAPOPIMWA KWA MITA

Tuanze na karakana, maana huko kosa la maneno huonekana kwa tarakimu. Mhandisi wa Kiingereza akisema “power”, mara nyingi ana maana ya kasi ya kufanya kazi, kitu kinachopimwa kwa wati na kilowati. Kwa Kireno hicho huitwa “potência”. Lakini raia wa kawaida wa Kiingereza akisema kwamba nyumba yake inatumia “power” nyingi, aghalabu ana maana ya jumla ya umeme alioutumia tangu mwanzo wa mwezi hadi mwisho, kitu kinachopimwa kwa kilowati-saa. Hicho kwa Kireno ni “energia”.

Mfano wa maji utatusaidia. “Potência” ni kama wingi wa maji yatokayo bombani kwa dakika moja. “Energia” ni kama idadi ya ndoo zilizojaa mpaka jioni. Taa ya wati 100 ikiwaka kwa saa kumi inatumia kilowati-saa moja. Wati 100 ndiyo potência ya taa, na kilowati-saa moja ndiyo energia iliyoliwa.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya wataalamu. La hasha! Katika nchi ya Ureno ankara ya umeme ya nyumbani ina malipo ya namna mbili. Yako malipo ya potência ambayo mwenye nyumba ameiwekea mkataba, ayatumie au asiyatumie, na yako malipo ya energia aliyoitumia kwa hakika. Mhamiaji aliyefika huko kutafuta kazi, akafasiriwa maneno hayo mawili kwa neno moja, atadhani ametozwa mara mbili kwa kitu kilekile. Atakwenda kugombana bure na karani, au atabaki na mkataba mkubwa kuliko mahitaji yake na kuulipia kila mwezi. Kumbe alikosa maelezo ya neno moja tu.

Injini nazo zina mtego wake. Mwingereza hupima injini kwa “nguvu za farasi”, na Mreno hutumia “cavalo-vapor”, maana yake farasi wa mvuke. Kwa sikio farasi hao ni ndugu, lakini kwa kipimo wametofautiana kidogo: farasi wa Kiingereza ni wati 746 hivi, na farasi wa Kireno ni wati 735 na nusu hivi. Injini ya farasi 300 wa Kiingereza ina farasi 304 wa Kireno. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini mfasiri anayebadili neno na kuacha tarakimu kama ilivyo ameandika jambo lisilo kweli.

Hata kituo cha kuzalisha umeme hakiitwi kwa jina moja kila mahali. Bwawa la Cahora Bassa, lililo juu ya Mto Zambezi huko Msumbiji, lina mitambo mitano ya megawati 415 kila mmoja, jumla megawati 2,075. Mtambo wa namna hiyo huitwa “central” katika Ureno na Msumbiji. Lakini Mbrazil akitaja Itaipu, kituo kikubwa cha megawati 14,000 ambacho nchi yake inakimiliki pamoja na Paraguay, atasema “usina”. Mfasiri anayeandikia wafanyakazi wa Tete kwa maneno ya Rio de Janeiro ataeleweka, lakini wasomaji watajua mara moja kwamba maandishi hayo hayakukusudiwa kwao.

Na je, umeme ukikatika usiku? Mwingereza atasema kwamba “power” imekwenda. Katika gazeti la Kireno utasoma kwamba “energia” imekatwa. Lakini mama aliye jikoni, awe Lisbon au São Paulo, hatasema hivyo; atasema kwamba “luz” imekosekana, yaani mwanga. Na sisi tunasema umeme umekatika, tukitumia jina la kile kimweko cha angani wakati wa mvua. Kitu ni kimoja. Mwingereza amekipa jina kwa nguvu yake, Mreno kwa mwanga wake, na Mswahili kwa kile alichokuwa akikiona mawinguni kabla ya waya kufika.

PALE NENO LINAPOKALIA KITI

Tuondoke karakanani twende ikulu. Hapa “power” ni “poder”. Chama kilicho madarakani, kwa Kireno, kiko “no poder”. Neno hili lina asili ya kuvutia, kwani kwanza ni kitenzi, maana yake kuweza. Wareno wana methali isemayo “querer é poder”, kutaka ni kuweza, ambayo ni ndugu wa methali yetu ya penye nia pana njia. Kwa kuzaliwa, basi, “poder” ni uwezo. Kwa kazi yake ya kila siku katika siasa ni mamlaka. Mfasiri wa Kiswahili akiliona hana budi kujiuliza ni lipi kati ya hayo mawili lililokusudiwa.

Wakati mwingine njia inapinda kinyume. Katika mji mkuu wa Brazil, Brasília, uliozinduliwa tarehe 21 Aprili 1960, uko uwanja uitwao Praça dos Três Poderes. Pembeni mwake yamejengwa majengo matatu: ikulu ya Rais, Bunge, na Mahakama Kuu. Ukilifasiri jina hilo kijuujuu utapata Uwanja wa Nguvu Tatu, mtu akadhani ni uwanja wa mieleka. Mwingereza hupenda kusema matawi matatu ya serikali. Kiswahili kimekwisha kuwa na usemi wake: mihimili mitatu ya dola. Angalia, ndugu msomaji, jambo moja la serikali. Mreno ameliona kuwa mamlaka, Mwingereza ameliona kuwa tawi la mti, na sisi tumeliona kuwa nguzo za nyumba. Atakayefasiri picha badala ya jambo atawachanganya wote watatu.

Lakini dola lenyewe, likiwa kubwa na lenye kuogopwa, haliitwi “poder”. Huitwa “potência”, neno lilelile la mhandisi! Mataifa yaliyokutana Berlin kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, yakawekeana masharti ya kuligawana bara letu, yalijiita kwa Kiingereza “the Powers”. Kwa Kireno ni “as potências”, na kwa Kiswahili tunasema madola makubwa. Ureno nayo ilihesabiwa miongoni mwa madola hayo. Hata hivyo, tarehe 11 Januari 1890 Uingereza iliitaka iondoe majeshi yake katika nchi zilizo kati ya Angola na Msumbiji, nayo ikalazimika kutii. Ikadhihirika kwamba kuitwa “potência” ni jambo moja, na kuwa na “força”, yaani nguvu za kushindana, ni jambo jingine. Kiingereza kingeweza kutumia neno moja kwa yote mawili. Kireno kinamlazimisha msemaji kuchagua.

NENO LILILOTISHA POLISI

Sasa tufike mahali ambapo kuchagua neno kulikuwa na hatari ya kweli. Mwezi Juni 1966, katika mji wa Greenwood, jimbo la Mississippi, Marekani, kijana mpigania haki Stokely Carmichael, ambaye baadaye alijiita Kwame Ture, alipaza mbele ya umati kilio cha “Black Power”. Maneno hayo yalienea duniani kote. Lakini maana yake ilikuwa nini hasa? Je, ilikuwa fahari ya mtu mweusi? Nguvu yake ya kiuchumi? Haki yake ya kushika madaraka mahali anapoishi? Kwa Kiingereza yote hayo yalikaa ndani ya neno moja bila kugombana, na huenda ndiyo sababu kilio hicho kilipata wafuasi wengi, kila mmoja akiwa na tafsiri yake moyoni.

Maneno hayo yalipofika Brazil yaliikuta nchi hiyo chini ya utawala wa kijeshi, ulioanza mwaka 1964 na kwisha mwaka 1985. Mwaka 1974, katika mtaa wa Liberdade mjini Salvador, jimbo la Bahia, vijana weusi waliunda kikundi chao cha sherehe za kanivali, kwa kuwa katika vikundi vikubwa vya mji huo weusi hawakuwa na nafasi. Waanzilishi wamesimulia kwamba jina la kwanza walilolifikiria lilikuwa “Poder Negro”, tafsiri kamili ya maneno yale ya Kiingereza, lakini wakaonywa na polisi. Kikundi kikaitwa Ilê Aiyê, kwa lugha ya Kiyoruba, na kwa jina hilo kinajulikana mpaka leo.

Kwa nini polisi waliogope jina la kikundi cha ngoma? Jibu limo ndani ya neno lenyewe. “Poder”, kama tulivyoona, ndilo neno la ikulu, la Bunge na la Mahakama. Mwenye kusema “Poder Negro” hasemi tu kwamba mtu mweusi ana nguvu. Anasema kwamba mtu mweusi atawale. Kama wangalisema “Força Negra”, nguvu nyeusi, jina lingalisikika kama sifa ya misuli na moyo. Maneno yote mawili yangaliweza kusimama badala ya lile la Kiingereza, lakini moja linagonga mlango wa ikulu, na jingine linabaki uwanjani pamoja na ngoma.

Na maneno ya Kiingereza yenyewe yalipata wapi mahali pa kukaa? Kichwani! Kwa Kireno cha Brazil, “black power” ni jina la mtindo wa nywele, zile nywele za Kiafrika zilizoachwa zikue na kuchanwa zikawa duara. Binti akimwambia msusi wake kwamba anataka “black power”, msusi anachukua kitana. Watu wengine watasema kwamba hiyo ni safari ya kusikitisha, kutoka jukwaa la siasa hadi saluni. Wengine watajibu kwamba mtu aliyekuwa akilazimishwa kuzionea haya nywele zake, akizikuza na kutembea nazo kifua mbele, naye amefanya siasa.

Jirani zetu wa Msumbiji, walipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, walitumia sana maneno “poder popular”. Hapa pia mfasiri anapaswa kuwa macho. Akiandika “nguvu ya umma”, msomaji ataona maandamano barabarani. Walichokusudia viongozi wa FRELIMO ni umma kushika uongozi wa nchi kwa njia ya vyombo vyake, kama vile mabunge ya wananchi yaliyochaguliwa mwaka 1977. “Mamlaka ya umma” yangekuwa maneno ya karibu zaidi. Nguvu yaweza kuonekana leo na kutoweka kesho. Mamlaka yana kiti, muhuri na daftari.

PALE NENO LINAPOTOWEKA KABISA

Kuna mahali ambapo “power” ikiingia katika Kireno haiachi hata alama. Hati ambayo kwayo mtu humruhusu mwingine kuuza shamba lake au kutia sahihi kwa niaba yake, Mwingereza huiita “power of attorney”. Mreno huiita “procuração”, neno moja tu, nasi tunaiita hati ya uwakilishi. Mtu mwenye mali upande wa pili wa Ruvuma akitafsiriwa maneno hayo kijuujuu, akaletewa karatasi yenye kutaja nguvu na mwanasheria, huenda akatia sahihi bila kutambua kwamba amempa mwingine mkono wake wa kulia.

Kadhalika wingi wa wafanyakazi, ambao Mwingereza huuita “manpower”. Kireno hakitaji nguvu hapo, kinataja mkono: “mão-de-obra”, mkono wa kazi. Sisi tunasema nguvukazi. Katika hisabati, mbili kwa kipeo cha tatu, ambayo ni nane, Mreno husema mbili “iliyoinuliwa” hadi tatu. Na uwezo wa mshahara kununua bidhaa sokoni ni “poder de compra”. Hapa “poder” imerudi kwenye asili yake ya kuweza, maana mshahara hautawali mtu, unaweza au hauwezi.

Mtego mkubwa kuliko yote ni neno linapokuwa peke yake. Juu ya redio, kompyuta au mashine ya kufulia kuna kitufe kilichoandikwa POWER, basi. Hakuna neno lingine la kulishika mkono. Anayefasiri orodha ya maneno bila kukiona chombo chenyewe anaweza kuandika “poder”, na mwenye nyumba atajikuta ana mashine ya kufulia yenye kitufe cha mamlaka. Kireno chahitaji tendo hapo: “ligar”, kuwasha. Leo ziko programu za kompyuta zinazofasiri kwa kasi ya ajabu, nazo hutegemea sana maneno yaliyo jirani ili kupata maana. Palipo na neno moja bila jirani, hata programu hizo huweza kukisia tu, na kwa hiyo mtu anayekijua chombo angali anahitajika.

MASWALI YA KUJIULIZA

Yote haya yatufundisha nini sisi ambao wengi wetu si wafasiri kwa kazi? Yatufundisha kwamba neno si mzigo wa kuhamishwa toka chumba hiki mpaka kile. Anayekutana na “power” hana budi kuiuliza maswali machache. Je, unapimwa? Kama unapimwa kwa kilowati, wewe ni “potência”. Kama ni kwa kilowati-saa, wewe ni “energia”. Je, uko juu ya watu? Basi wewe ni “poder”. Je, wewe ndiwe nchi yenyewe inayoogopwa na nyingine? Wewe ni “potência” tena. Je, watoka katika misuli au moyo? Wewe ni “força”. Je, uko katika karatasi ya mwanasheria? Wewe ni “procuração”. Na kama ni kitufe tu, tafadhali washa mashine.

Maswali hayo hayana faida kwa wafasiri pekee. Mzazi anayemsaidia mtoto masomo, mfanyakazi anayesoma maelekezo ya mashine mpya, mwananchi anayeletewa mkataba ulioandikwa kwa lugha ya kigeni, wote hukutana na maneno ya namna hii, nao wakikosa wa kuwaeleza huona aibu kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kabla ya kutia sahihi, kabla ya kubonyeza, kabla ya kushangilia kilio cha jukwaani, mtu na aulize: nguvu hii ni ya kufanya nini, ni juu ya nani, na ni nani ataishika? Mwenye kupata jibu la maswali hayo amekwisha kufasiri, hata kama hajui neno moja la Kireno.